Tepu ya usukani kwa baiskeli ya mbio: koki, polima, ngozi bandia au silikoni?

Mwenye haraka achukue haya aende zake. Kama viganja vyako hutoka jasho jingi na hupendi glavu, nunua tepu ya polima (plastiki laini inayonata kidogo) yenye unene wa milimita 2.5. Kama mfuko umebana, au ndiyo mara yako ya kwanza kufunga tepu kwa mikono yako, chukua ya koki (sponji yenye chembe za gome la mti). Kama njia yako imejaa rasta (vile vituta vidogo vilivyopangwa mfululizo barabarani) na vipande vya rafu rodi, na una viganja vikubwa, panda hadi milimita 3 na ushei. Kama hupatani na gundi na unapenda kufungua, kuosha na kufunga upya, silikoni itakufaa. Waliobaki na muda twende polepole, kwa sababu kila moja ya sentensi hizo ina "lakini" yake.

Anza na jasho, ulaini utafuata

Dukani watu wengi huichagua tepu kwa kidole gumba. Wanaibonyeza, na inayobonyea zaidi ndiyo wanayolipia. Kipimo hicho kinadanganya, kwa sababu hakuna anayeendesha baiskeli kwa kubonyeza usukani kwa gumba. Kinachochosha mkono baada ya saa mbili barabarani, mara nyingi, si ugumu wa kilicho chini ya kiganja. Ni kukaza vidole. Tepu ikiteleza, mwili wenyewe unaongeza nguvu ya kushika bila kukuuliza: vigasha vinakakamaa, mabega yanapanda kuelekea masikioni, shingo inaanza kulalamika. Tepu inayoshika inakuruhusu kulegeza vidole na kuacha viganja vikae tu. Kwa hiyo mshiko ni sehemu ya starehe, na kwa mtu wa pwani naona ndiyo sehemu kubwa zaidi.

Mkazi wa Dar, Tanga, Zanzibar au Mombasa anajua jasho la saa mbili asubuhi lilivyo. Halitoki viganjani peke yake. Linashuka kutoka begani, linapita kwenye kiwiko, linafuata mkono hadi kwenye usukani, na likifika huko linakutana na mafuta ya kujikinga na jua uliyojipaka kabla ya kutoka. Huo mchanganyiko ndio mtihani wa tepu. Mtu wa Arusha, Njombe au Nairobi anayetoka alfajiri na glavu za vidole virefu ana mtihani mwingine kabisa, na anaweza kufurahia tepu ambayo mimi nisingeiweka kwenye baiskeli yangu.

Unene una hesabu yake

Bomba la usukani wa baiskeli ya mbio, pale mkono unaposhika, huwa na kipenyo cha milimita 23.8 hivi. Katikati, pale linapobanwa, ni nene zaidi, 31.8 kwenye baiskeli nyingi za kisasa, lakini huko hupafungi tepu. Sasa ongeza tepu pande zote mbili za bomba. Tepu ya milimita 1.8 inakupa kipenyo cha 27.4. Ya 3.2 inakupa 30.2. Ile nene ya 4.6, iliyotengenezwa kwa ajili ya barabara za changarawe, inafika 33. Na hapo hatujahesabu mahali ambapo mzunguko mmoja unalalia mwingine. Ni kweli kingo za tepu nyingi zimechongwa ziwe nyembamba ili zisitengeneze matuta, na ukivuta tepu inapungua kidogo, ila mwelekeo wa hesabu haubadiliki.

Kwa nini nimeng'ang'ana na namba? Kwa sababu mkono mdogo ukishika kitu kinene unafanya kazi ya ziada. Shika bomba la milimita 27 halafu la 33, utaona kwenye la pili gumba na kidole cha kati vimeachana. Hapo nguvu ya kushika inapungua, na kule chini kwenye mapindo, yaani pale usukani unapojipinda kwenda chini, mahali unapohitaji kufika breki kwa haraka ukishuka mlima, vidole vinaanza safari kutoka mbali zaidi. Wanawake wengi na vijana wanauziwa tepu nene kwa jina la ulaini, kisha wanashangaa mikono inachoka mapema kuliko zamani. Kiganja kidogo kianze na milimita 1.8 hadi 2.5. Kama ukali wa barabara umezidi, zipo njia nyingine za kuupunguza, na nitazifikia.

Nimeweka jedwali hapa kwa wanaopenda kuona vitu kwa pamoja. Ni maoni yangu kwa hali ya pwani, si vipimo vya maabara.

| Aina | Unene wa kawaida (mm) | Ikilowa jasho | Kufungua na kufunga tena | Bei |
|---|---|---|---|---|
| Koki | karibu 2.5 | inavumilia, kisha inachoka | mara moja ukibahatika | nafuu |
| Polima | 1.8 hadi 4.6 | nzuri kuliko zote | haipendi | ghali |
| Ngozi bandia | 2 hadi 3 | inategemea toleo | ndiyo, kwa uangalifu | kati hadi ghali |
| Silikoni | inategemea unavyoivuta | nzuri, ila si kwenye mafuta | mara nyingi | kati hadi ghali |

Koki na polima, hapa ndipo penye ubishi

Koki ya leo si koki tupu. Ni sponji ya EVA, jamaa yule yule wa soli za ndala na raba, iliyochanganywa na chembe za gome la mti unaotengenezewa vizibo vya chupa za mvinyo. Ukiitazama kwa karibu utaona madoadoa ya kahawia yametapakaa ndani ya rangi. Cinelli ya Italia ndiyo iliyoifanya ienee miaka ya 1980, na mpaka leo fundi akisema "tepu ya kawaida" anamaanisha hiyo au nakala yake.

Uzuri wake ni kwamba mkono unaipenda bila kuizoea. Ni kavu, haina baridi wala unato, na ukiigusa bila glavu haikusumbui. Jasho la kwanza inalimeza. Kwa mwendo wa saa moja, saa moja na nusu, sioni sababu ya mtu kulipa zaidi ya hapo. Tatizo linaanza ikishajaa. Sponji iliyolowa inakuwa na utelezi fulani wa uvivu: haikuponyoki ghafla, bali kiganja kinahama kidogo kidogo na wewe unakirudisha, kinahama unakirudisha. Baada ya miezi kadhaa, sehemu zile zinazoshikwa sana, hasa pale nyuma ya mipira inayofunika mikono ya breki, zinalainika na kung'aa kama zimepigwa pasi. Ukiona mng'ao huo ujue mshiko umekwisha, hata kama tepu haijachanika.

Udhaifu wake mwingine unaonekana siku ya kufunga. Koki haivutiki sana. Ukiivuta kwa hasira kwenye kona ya chini inakatika, na roli nzima imekwenda. Ila kwa sababu ni nafuu, maumivu yanavumilika, na kwa mtu anayejifunza hiyo ni faida kubwa.

Polima ni habari nyingine. Jina linalotajwa sana ni Lizard Skins, kampuni ya Marekani kutoka jimbo la Utah, na tepu yao ya DSP. Wao hao hutengeneza vishikio vya magongo ya besiboli, mchezo ambao mkono ukiteleza mtu wa jirani anaumia, na utaalamu huo unaonekana. Uso wa tepu una vinundu vidogo vilivyopangwa, na ukiugusa unanata kidogo, si unato wa gundi, ni kama ngozi yako imekutana na ngozi nyingine. Kitu cha ajabu ni kwamba maji hayauondoi. Umeloa jasho, mvua ya Aprili inakunyeshea, bado kiganja kinabaki pale ulipokiweka. Supacaz ya California nayo ina tepu ya jamii hiyo, Super Sticky Kush, nene kidogo na yenye mbwembwe za rangi. Mshiko wake ni mzuri vilevile.

Kwa hiyo mjadala umekwisha? La. Polima ina ngozi laini, na ngozi laini huchubuka. Egemeza baiskeli kwenye ukuta wa tofali usiopigwa lipu, itikise mara moja, na umepata mchubuko. Iweke kwenye buti ya daladala au nyuma ya pikapu bila kuikinga, utapata zaidi. Mchubuko wa koki unabaki mchubuko, ila wa polima hutanuka. Kidole kinaufuata, kinauchokonoa, na baada ya wiki chache unaona kitambaa cha ndani. Pia inashika uchafu kwa bidii ile ile inayoshika mkono: ukitengeneza mnyororo uliokatika njiani na kurudi kwenye usukani na grisi vidoleni, grisi hiyo haitatoka yote hata ukisugua. Rangi nyeupe kwenye polima ni ya watu wenye fundi anayelipwa kuibadilisha.

Na bei. Kwa bei ya boksi moja la polima halisi unaweza kununua maboksi mawili ya koki nzuri, wakati mwingine zaidi. Swali ni je, polima inadumu mara mbili? Kwa mtunzaji, ndiyo. Kwa mtu ambaye baiskeli yake inalala korido na kupitiwa na watoto, hapana, na huyo ningemwambia anunue koki mbili, moja aifunge, nyingine aiweke kabatini.

Msimamo wangu: pwani, polima ya 2.5. Bara, kwenye baridi na glavu, koki, na pesa iliyobaki nunua matairi.

Ngozi bandia

Fizik, kampuni nyingine ya Italia, imejijengea jina kwa tepu yake ya Microtex, aina ya ngozi bandia nyembamba juu ya tabaka la sponji. Ya Tempo Classic ina milimita 2, ya Bondcush 3. Inafungika kwa unadhifu kuliko zote, mistari inakaa sawa, na ukiipangusa kwa kitambaa chenye sabuni inarudi kama mpya. Mtu anayependa baiskeli isafishike atafurahi.

Ila uangalifu unahitajika dukani, maana jina moja lina watoto wenye tabia tofauti. Toleo la kawaida ni laini juu, na laini ikikutana na jasho inateleza; hiyo ni ya wavaa glavu. Toleo lililoandikwa Tacky limepakwa uso wenye unato na linashika vizuri sana, ingawa halifiki polima ikilowa chapachapa. Maboksi yanafanana rangi. Soma maandishi madogo kabla hujatoa hela.

Silikoni

Hii haina gundi. Tepu ya silikoni inajishika yenyewe kwenye bomba na juu ya mzunguko uliotangulia, na unene wake unaupanga wewe: ivute zaidi pale unapotaka wembamba, ilegeze pale unapotaka mto. ESI ya Marekani, wanaojulikana zaidi kwa vishikio vya baiskeli za milimani, wanayo ya aina hiyo. Kwa kumeza mtetemo mdogo mdogo wa lami iliyochakaa, sijaona inayoishinda kwa unene uleule. Na ukitaka kubadilisha waya wa breki, unaifungua, unaitia kwenye ndoo ya maji ya sabuni, unaianika, unaifunga tena. Jaribu kufanya hivyo na polima uone.

Ubaya wake ni mafuta. Maji na jasho haviitishi, lakini mafuta ya kujikinga na jua yakitulia juu yake inateleza mpaka uioshe. Pia haina mpaka unaokwambia "hapa umekosea". Anayeanza anavuta sana upande wa kulia, kidogo upande wa kushoto, na anaishia na usukani wenye unene wa aina mbili. Halafu ukigongana na ukuta inakatika kipande kidogo, kama kilichong'olewa kwa kucha. Si janga, ila inaudhi.

Nani achague? Anayefanya mazoezi ndani kwenye mashine, ambako hakuna upepo wa kukausha na jasho linadondoka mahali pamoja kwa saa nzima. Kwa huyo kuosha ni lazima, na silikoni ndiyo inayooshwa.

Pamba na ngozi ya kweli

Nazitaja kwa ajili ya wale waliookota fremu ya chuma ya zamani kwenye mitumba na wanataka kuirudishia heshima yake. Tepu ya pamba ya Velox ya Ufaransa bado inatengenezwa, ni nyembamba, haina mto wowote, na wapenzi wake huipaka vanishi ya sheluki ili iwe ngumu na isishike uchafu. Inapendeza. Kwa kilomita mia, hapana. Tepu ya ngozi ya Brooks, kampuni ya Uingereza iliyoanza mwaka 1866, inafuata mkono wako kadiri inavyozeeka na inadumu miaka, lakini inahitaji kutunzwa, na chumvi ya jasho la pwani haiifai. Bei yake utakaa chini kwanza.

Rasta, mawe, na lini tepu nene inafaa kweli

Barabara zetu kuu zina rasta kabla ya kila kijiji, shule na kivuko. Gari linapita linanguruma. Baiskeli ya mbio inapita na meno yanagongana. Mtu akishapita rasta za asubuhi nzima kwenye barabara ya Bagamoyo, anarudi nyumbani ameamua kununua tepu nene kuliko zote sokoni.

Kabla hajafika huko, apunguze upepo kwenye matairi. Tairi la milimita 28 au 30 lenye upepo wa wastani linameza kishindo kabla hakijafika kwenye fremu, wakati tepu inashughulika na kilichobaki tu. Tofauti ya milimita 1 ya tepu huwezi kuilinganisha na tofauti ya milimita 5 ya tairi lenye hewa ndani. Watu bado wanajaza tairi la 23 mpaka linalia kama debe, halafu wanalaumu usukani.

Ukishamaliza hilo na bado mikono inapiga kelele, sasa tepu nene ina nafasi. Mfano wanaoutaja wote ni Paris–Roubaix, mashindano ya baiskeli ya Ufaransa ya karibu kilomita 260 ambapo zaidi ya 50 ni za barabara iliyotandikwa mawe. Huko kufunga tepu mara mbili ni jambo la kawaida, na sababu ni mwendo: mawe ya tambarare yanapigwa kwa kasi kubwa, kishindo juu ya kishindo. Sasa linganisha na mashindano ya dunia ya Kigali, Septemba 2025, ya kwanza kufanyika Afrika, aliyoshinda Tadej Pogačar wa Slovenia kwa wanaume. Kule nako kulikuwa na mawe, ila yalikuwa kwenye milima: Kimihurura, na ule mpando mfupi uitwao Ukuta wa Kigali, wa mita 400 wenye mwinuko wa asilimia 11. Ukipanda mawe namna hiyo hukimbii, unavuta. Umesimama juu ya pedali, mikono inanyonga usukani kulia na kushoto. Unachohitaji hapo ni mshiko, na tepu nene inayobonyea inakula sehemu ya nguvu unayovuta. Mawe yaleyale, tepu tofauti.

Kwa hiyo jiulize: ukali wa njia yako unaupata ukiwa unakimbia au ukiwa unapanda? Anayekimbia kwenye rasta na lami yenye viraka aende 3 na ushei. Nastro Cuscino ya Silca, yenye milimita 3.75, ni mfano mzuri wa tepu nene ambayo haijageuka godoro. Anayepanda Uluguru, Usambara au milima ya Mbeya abaki 2.5 au chini.

Ipo pia njia ya kati, ambayo mafundi wanaijua: vipande vya jeli chini ya tepu, au tabaka la ziada sehemu ya juu tu, pale bomba lilipolala, huku mapindo ya chini yakibaki na tabaka moja. Unapata mto unapokaa na wembamba unapohitaji kufunga breki. Tepu ya zamani ya koki iliyosafishwa inafaa sana kwa tabaka hilo la chini. Hakikisha tu ya juu ni ndefu. Roli nyingi zina mita mbili hivi, na usukani mpana ukiongezewa unene chini unaweza kukuacha umebakiza sentimita tano bila tepu.

Ganzi ni kesi nyingine

Hapa lazima niwe mkali kidogo, kwa sababu kuna watu wanabadilisha tepu kila baada ya miezi mitatu wakitafuta dawa ya ganzi. Kidole kidogo na cha pete vikifa ganzi, mara nyingi mshipa wa fahamu unaopita chini ya kiganja, upande wa kidole kidogo, umebanwa. Gumba, cha shahada na cha kati vikifa ganzi, ni mshipa mwingine, ule unaopita katikati ya kifundo cha mkono. Tepu laini inapunguza shinikizo kidogo. Lakini kama mwili mzima umelalia mikono, milimita mbili za sponji hazitaubeba.

Chanzo huwa mkao. Kiti kimeinamisha pua chini, nawe unateleza mbele na kujisukuma nyuma kwa mikono. Usukani uko mbali mno. Au fremu ni kubwa: baiskeli nyingi za mbio tunazonunua ni mtumba, na kwenye mtumba mtu ananunua saizi iliyopo, siyo saizi yake. Sawazisha kiti, fupisha shina la usukani, inua usukani kidogo ikiwezekana, na badilisha mahali pa mikono kila baada ya dakika chache. Ganzi isipoondoka ukishuka kwenye baiskeli, au mkono ukianza kukosa nguvu ya kufungua kifuniko cha chupa, hilo ni la daktari.

Kilichojificha chini

Kuna jambo moja ambalo wenye duka hawalisemi, na kwa pwani lina uzito kuliko chapa zote hizi. Jasho ni chumvi, usukani mwingi ni wa alumini, na tepu inafunika vyote viwili pamoja kwa miaka. Mwangalie fundi akifungua tepu ya zamani ya mtu anayetoka jasho jingi. Kwanza inatoka harufu. Halafu, karibu na mahali mkono wa breki ulipofungwa, unaanza kuona unga mweupe, na ukiukwangua kwa ukucha chini yake kuna vishimo. Vikiwa vichache na vya juujuu, unasafisha. Vikiwa vimechimba, usukani huo haufai tena, kwa sababu alumini ikichoka haitoi taarifa. Inakatika, na inakatika ukiwa umeiegemea.

Hii inageuza hesabu ya bei. Tepu nafuu unayoibadilisha mara kwa mara inakupa nafasi ya kukagua bomba. Tepu ghali inayodumu miaka mitatu inaficha bomba miaka mitatu. Anayenunua polima kwa sababu ya jasho ndiye huyohuyo anayepaswa kuifungua mapema, hata kama bado inashika. Kwangu mimi mwaka mmoja unatosha, na kwa anayefanya mazoezi ndani, chini ya hapo. Kabla ya kufunga mpya, futa bomba kwa spiriti ili mabaki ya gundi yatoke, likauke, ndipo uendelee.

Dukani

Boksi kamili lina roli mbili, vizibo viwili vya ncha, na vipande viwili vifupi vya kufunika nyuma ya mikono ya breki. Vile vipande vifupi vikikosekana, utabaki na pengo linaloonyesha chuma. Vizibo usivipuuze: bomba lisilozibwa, ukianguka nalo likakuelekea tumboni, linakata mduara, na waamuzi wa mashindano hawatakuruhusu kuanza bila vizibo. Vile vya plastiki vinavyosukumwa tu hutoka njiani. Vyenye skrubu ya kutanuka ndani vinakaa.

Tepu bandia za chapa kubwa zipo nyingi kwenye maduka ya mtandaoni na hata mitaani. Namna ya kuishuku polima bandia ni unato wake: ya kweli inashika bila kuacha kitu mkononi, ya bandia inaacha utelezi au harufu kali ya plastiki. Bei ikiwa nusu ya nusu, ujue umenunua sponji yenye nembo. Wala si dhambi kununua sponji, ila ilipie bei ya sponji.

Kuhusu kufunga, anza kwenye ncha za chini upande juu. Ukisimama nyuma ya baiskeli, upande wa kulia zungusha kufuata mshale wa saa, wa kushoto kinyume chake, ili mkono unapobana kule chini uwe unaikaza tepu badala ya kuifungua. Laza theluthi ya upana juu ya mzunguko uliopita. Mwisho, ile tepu nyembamba ya kumalizia inayokuja kwenye boksi haina nguvu kwenye joto letu. Inajikunjua baada ya siku chache za jua. Badala yake tumia tepu nyeusi ya fundi umeme, izungushwe mara tatu, na mzunguko wa mwisho usiuvute kabisa, maana ukivutwa ndio unaorudi nyuma.